Mlango wa Njano Chemchemini

Hebu fumba macho uone jiko la udongo huko juu kwenye milima baridi ya Peru. Moto wa samadi kavu unafuka, viazi vinatokota, na pembeni simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa jikoni kwa kitoweo, wanalialia tangu alfajiri. Mlango unafunguka, anaingia mtoto wa miaka minane. Simbilisi wote wananyamaza kwa pamoja.

Fortunata alibaki na mwiko mkononi. Aliyeingia ni Nelida, bintiye wa pekee, ambaye hadi juzi wanyama hao walimkimbilia miguuni kudai majani. Leo nywele zake zilinuka tope la chemchemi. Alipoulizwa ametoka wapi, alijibu kwa upole kwamba alikuwa kwenye nyumba yake.

Nyumba hiyo Fortunata aliijua. Mtoto aliianza mwaka jana, siku Eusebio, baba yake, aliporudi amelewa akampiga mama mbele yake. Tangu hapo kila sauti ya baba ilipopanda, Nelida alikimbilia chemchemini, akakaa ukingoni, akaota ndani ya maji nyumba yenye mlango wa njano, ambako watu husemezana kwa kunong'ona. Fortunata hakumkataza. Heri mmoja wao alikuwa na pa kukimbilia.

Lakini wiki ile mtoto aliacha kula, akawa analala macho wazi. Bibi Hilaria, mganga, alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akasema roho imebaki chemchemini. Jini wa maji ameifungulia mlango. Ni lazima iitwe kwa jina, mwitaji akiburuta kofia ya mtoto hadi nyumbani bila kugeuka, na mtu aliyebaki jikoni aitikie kwa niaba yake kwamba ameshafika.

Kwa desturi, baba ndiye huita. Eusebio alikuwa hajanywa siku tatu, na macho yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Umewahi kumwita kwa upole, mwanangu?" Hilaria alimuuliza.

Eusebio aliinama akaiokota kofia ya mtoto. Fortunata alitaka kusema aende yeye, lakini ndoa ilikuwa imemfundisha kumeza maneno, akayameza na hayo.

Jua likizama, akamsikia mumewe kule bondeni. "Nelida! Njoo nyumbani!" Alikuwa akimsihi, akilia kabisa, ila sauti ilitoka vile vile ilivyozoea kutoka, nzito na ya kupasuka, na kabla mwangwi haujafa Fortunata akasikia, mbali chini ya maji, mlango ukibamizwa na komeo likisukumwa; kisha viatu vya Eusebio vikaanza kupanda njia, kofia ikikwaruza mawe nyuma yake, na nyuma ya kofia nyayo ndogo zilizolowa, chapa, chapa, za kitu kisichoijua njia ile, kinachosita kila kona, na harufu ya tope ikatangulia kuingia, simbilisi wakajibana ukutani wakipandana migongo, na yeye alipofumbua mdomo ili aitikie, mtoto aliyelala kitandani pale pale jikoni akamtangulia.

"Nimeshafika, baba."

Siku hizi Nelida anakula. Anatii kabla hajatumwa. Eusebio hajagusa pombe tena, na huwaambia majirani kwamba binti yake amepona. Hilaria alikuja mara moja tu, akasimama kizingitini, akaangalia kile kilichoketi mezani, akamshika Fortunata bega, akaondoka. Jina likishaitikiwa, haliitwi upya. Na simbilisi hawajalia tena.

Hata hivyo kila jioni Fortunata hushuka chemchemini, akapiga magoti, akalitaja jina hilo polepole, kama anayemwamsha mtoto mchanga anyonye. Maji hutulia. Chini kabisa komeo husogea kidogo, kama limeguswa na mkono unaotaka kufungua ukaogopa. Halafu hurudi mahali pake.

Nawe ukifika nyumbani leo, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: liite jina la mtoto taratibu, maadamu bado anageuka akilisikia.