Ukurasa wa Kurudi

Kila asubuhi Mapicha alimwamsha mdogo wake kwa kumgusa bega. Zamani alimwita tu kutoka jikoni, na Kidoti angekuja mbio huku akiburuta shuka. Lakini homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemwacha mtoto huyo bila kusikia hata kidogo, na kumwita kulikuwa kujichosha bure. Mapicha alimnawisha uso, akamfunga vifungo vya gauni lake jekundu, kisha akashika njia ya shule.

Kidoti alikuwa na miaka mitano, na alama nyeusi shavuni ndiyo iliyompa jina. Kabla ya homa alikuwa na maneno mengi kuliko watu wote wa nyumba hiyo. Sasa yalimtoka moja moja, na yalizidi kupungua. Mama, ambaye alikuwa dobi katika nyumba ya wageni, alirudi jioni akakaa kimya. Baba, fundi viatu, aligonga misumari bila kuinua kichwa. Ungedhani nyumba imefiwa.

Ndipo ikapatikana nafasi katika shule ya viziwi ya bweni, mji mwingine, mbali. Kidoti alitakiwa kufika Jumatatu.

"Nani atamwambia?" Mama aliuliza.

"Tumwambie kwa mdomo gani?" alijibu Baba. "Tumbebe alfajiri akiwa usingizini. Akiamka, ameshafika."

"Baba, huko si kumwiba?" alisema Mapicha.

"Haya, mwambie wewe, mwenye kalamu!"

Mapicha aliitwa hivyo kwa sababu alichora juu ya chochote alichokipata, hata maboksi ya viatu vya wateja. Lori alilolichora lilikuwa limebandikwa ukutani darasani, na jambo hilo lilimvimbisha kichwa kidogo. Alikata karatasi ngumu, akazishona kwa uzi wa viatu, akatengeneza kitabu. Alimchora Mama akitoka nyumbani na Kidoti, wakipanda basi, wakifika shuleni. Mwishoni alichora basi likiondoka na Mama ndani, Kidoti amesimama getini. Basi hilo alilihangaikia kuliko kitu kingine: vioo, mizigo ya juu, hadi masharubu ya dereva. Chini yake akaandika kwa mwandiko mzuri: "Mama anaenda kazini. Shule ikifungwa atarudi kukuchukua."

Jioni alimpakata mdogo wake, akafunua kurasa. Kidoti aliyaona masharubu ya dereva, akacheka. Hakuwa amecheka tangu atoke hospitali, na Mama aliacha kukunja nguo ili amtazame.

Kisha wakafika ukurasa wa mwisho. Kidoti alitazama basi, akamtazama mtoto wa getini. Alifunua mbele, akakuta jalada tupu. Akarudi nyuma, akafunua tena. Halafu alitoa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia, akaruka, akaikumbatia miguu ya Mama.

Hakuiachia. Kesho yake Mama alishindwa kwenda kazini, kwani kila alipoinuka mtoto alipiga kelele. Chakula alikikataa, maji aliyanywa kwa kulazimishwa.

"Si nilisema?" Baba alifoka. "Kalamu yako imetumaliza!"

"Basi asiende," alisema Mama huku machozi yakimtoka. "Akae hapa hapa na mimi."

"Akae afanye nini? Atazame midomo yetu ikicheza mpaka azeeke?"

Mapicha alikichukua kitabu, akaenda nacho nje kwenye jiko la mkaa akichome. Kumbe dada yake Baba, mwalimu wa watoto wa chekechea, alikuwa akiingia uani.

"Lete hicho hapa kabla hujachemshia chai!"

"Shangazi, niache. Nimemuua mdogo wangu kabla hajafa."

Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua kitabu, akayafunika maandishi kwa kiganja.

"Nisomee."

"Mbona umefunika maneno?"

"Kwa mdogo wako yamefunikwa yote. Soma."

Mapicha alifuta kamasi. "Mama na mtoto wanatoka nyumbani. Wanapanda basi. Wanafika shuleni. Mama anaondoka. Mtoto anabaki."

"Halafu?"

"Halafu... hakuna."

"Kurudi kwa Mama kuko wapi?"

"Nimeandika hapo chini!"

"Lakini hukuchora. Na kwa Kidoti, usichokichora hakikutokea. Umemsimulia habari ya mtoto aliyetupwa. Na huyu wa dirishani ni nani? Mwanzo Mama ana kitambaa cha njano kichwani, hapa hana. Wanangu wa darasani, mchoraji akisahau pembe za mbuzi ukurasa mmoja tu, wananiuliza yule mbuzi mwingine kaenda wapi!"

Mapicha alilia hadi akaishiwa nguvu. Kisha akamfuata Mama.

"Mama, ni kweli utarudi kumchukua? Siwezi kuchora uongo."

Mama alimtazama mtoto aliyeng'ang'ania miguu yake. "Nitarudi, hata kwa miguu."

Akachora upya. Kitambaa cha njano kila ukurasa, gauni jekundu kila ukurasa, na basi dogo lisilo na mbwembwe. Akachora Kidoti akila na wenzake, akilala, akicheza, akilala tena; Mama nyumbani akianika nguo; basi lile lile likirudi; Mama akishuka; wawili wamekumbatiana; na mlango wa nyumbani.

Safari hii Kidoti hakucheka. Alikifuata kitambaa cha njano kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika penye kukumbatiana alimtazama Mama, na Mama akaitikia kwa kichwa. Akaanza tena mwanzo. Jioni alikula vijiko vichache vya uji.

Jumatatu walikwenda wote, na getini wote walilia. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cha njano. Alipogeuka kuondoka, Kidoti alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kurudi, akakiinua juu. Mama aliitikia kwa kichwa. Mtoto akashusha kitabu, akampa matroni wa bweni mkono.

Waliporudi, hakuna aliyetaka kula. Mapicha alijilaza kwenye mkeka, Shangazi akaketi kando yake.

"Mbona bado inauma, Shangazi? Si ameelewa?"

"Itauma, mwanangu. Kitabu hakikuweza kuizuia safari. Kilimzuia tu asidhani ametupwa, na hilo si dogo. Picha katika kitabu cha mtoto si pambo la maneno. Nayo inasimulia, na kwa asiyejua kusoma ndiyo inayosimulia peke yake. Kwa hiyo unapochora, mtafute anayetazama, uache kutafuta sifa zako. Ukianza kumwambia mtu ukweli, mwambie wote, umfikishe mwisho. Usimwache getini."