Tawi Lililojikaza

"Ungesema tu hutaki mwanangu aolewe, Nyamizi! Ndiyo ukanipa tawi la kichawi?"

"Jana ulipolikata ukipiga vigelegele halikuwa la kichawi?"

Mtaa mzima ulikuwa umeshatoka nje, na maharage ya watu yaliungua jikoni. Katikati ya uwanja ilinguruma karakana-tembezi, mashine kubwa kama lori, iliyoweza kupasua gogo, kulikausha na kutoa kitanda kabla chai haijapoa. Safari hii ilimeza tawi nene la mninga, zawadi ya Bi Nyamizi kwa harusi ya Kalunde, binti wa jirani. Msumeno haujafika mwisho, mbao zikaachana, kila moja ikapindia upande wake kama mke na mume waliogombana.

"Mbao hazifai," mashine ikatangaza. "Zitasagwa."

Zikisagwa zingegeuzwa ubao-sawia, uji wa mbao uliogandishwa. Tabora yote sasa ilijengwa kwa huo. Haukupinda, haukunukia, na hukuweza kutofautisha kipande kimoja na kingine.

"Zisisagwe!" Nyamizi alijitupa mbele ya mdomo wa mashine.

"Ulinipa mbele za watu, ni zangu!" alifoka Mama Kalunde. "Zisagwe!"

Mhandisi Shilinde, kijana mgeni aliyekuja na mashine, akaingia kati. "Mama zangu, ngojeni kidogo."

Alichomoa kisomapete, chombo mfano wa tochi, akamulika tawi pale lilipokatwa. Mistari ya mviringo ikawaka.

"Kila mwaka mti huongeza pete. Hata ndani ya mti mmoja mbao hazilingani: za karibu na kiini dhaifu, za nje imara. Lakini hapa kuna zaidi. Tawi likining'inizwa mzigo, hujikaza upande wa juu lisishuke. Ukilipasua, ule mkazo unafunguka. Hakuna uchawi." Alisogeza mwanga. "Oneni, lilizidi kujikaza mwaka hadi mwaka. Mzigo wenyewe ulikuwa unakua. Halafu ghafla pete zinatulia. Mzigo uliondoka." Akainua uso. "Mlikuwa mnaning'iniza nini?"

Hata wale ambao midomo yao haipumziki walitazama miguu yao.

"Bembea," Nyamizi alisema. "Ya mwanangu Maganga."

Mama Kalunde alijiziba mdomo kwa khanga.

"Nilidhani tawi likiondoka," Nyamizi aliendelea, "nitaacha kuisikia ile kamba. Upepo ukivuma naisikia."

"Kalunde ndiye aliyekuwa akimsukuma," Mama Kalunde alisema polepole. "Homa ilipomchukua mwenzake, siku nzima aligoma kula. Nami nilisahau, shoga. Nilisahau kabisa."

"Kusaga kunaanza," mashine ikasema.

Mama Kalunde alikipiga kofi kitufe cha kuzimia mashine kama anayeua mbu. Ikanyamaza.

"Hizo ndizo zitakazokuwa miguu ya kitanda cha mwanangu."

"Kitayumba, mama," Shilinde alionya.

"Kiyumbe."

Watu walitawanyika kurudi kwenye maharage yao yaliyoungua. Nyamizi alibaki ameinama, akipapasa ubao uliopinda kama anayepapasa mgongo wa mtoto mwenye usingizi. Mama Kalunde alimshika mkono, akamwinua.

"Twende ndani ukale, ugali unapoa." Kisha akaita kuelekea mlangoni, "Kalunde! Mletee mama yako maji ya kunawa."