Aliyewafuata Kutoka Mlima Osore

Harufu ilianza ndani ya gari, mara tu walipovuka daraja jekundu na kuuacha mlima nyuma yao.

Kila anayetoka Mlima Osore hunuka kiberiti cha volkeno. Harufu hiyo hukaa kwenye nywele na kola hata siku mbili, na watu wa rasi ya Shimokita wamekwisha kuizoea. Lakini hii haikuwa kiberiti. Masae, aliyekuwa akiendesha, alishusha kioo, akakipandisha, akakishusha tena. Ilikuwa harufu ya maziwa ya mama, yale yanayomwagikia nguo yakachacha. Alikuwa amelea watoto wawili. Asingeweza kukosea.

"Unasikia harufu, dada?"

"Ya nini?"

"Basi tu."

Dada yake, Ritsuko, alikuwa ameketi kando, mikono juu ya mapaja, akitazama misitu ikipita. Alikuwa na miaka hamsini na minane, hajawahi kuolewa. Miaka kumi na mmoja alimuuguza mama yao peke yake katika nyumba ya Morioka, hadi bibi yule alipofariki majira ya kuchipua. Masae, aliyemfuata kwa miaka sita, aliolewa Sendai. Alikuwa akija mara mbili kwa mwaka na boksi la keki, na kurudi kwa treni ya jioni. Matanga yalipokwisha ndipo alipotoa wazo la safari: siku nne, wao wawili tu, wakale jodari wa Oma, wawaone farasi wa Shiriyazaki, wapande boti kwenda kwenye miamba myeupe ya Hotokegaura. Ritsuko aliongeza jambo moja tu. Alitaka kwanza waende Osore.

Huko mlimani, kwenye ufuo wa ziwa, wazazi waliofiwa na watoto huacha vijiwe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kando yake vichezeo vyekundu vinavyozunguka kwa upepo. Ritsuko alimwambia mdogo wake atangulie akapige picha, naye akabaki kupanga vijiwe vyake, kisha akaenda kutafuta kichezeo chekundu. Masae alikuwa akirudi kinyumenyume, simu mkononi, ili ziwa lote liingie kwenye picha, kisigino chake kilipogonga kitu akasikia vijiwe vikiporomoka. Aligeuka. Rundo lililofika magotini lilikuwa limelala chini. Akatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu. Akakung'uta kiatu, akaondoka.

Aliporudi baadaye kidogo alimkuta Ritsuko amechuchumaa palepale, akiokota vijiwe kimoja kimoja.

"Vimeanguka," Ritsuko alisema.

"Upepo," alisema Masae. "Upepo wa huku una nguvu."

Siku ile hata vile vichezeo vyekundu vilikuwa vimetulia tuli. Masae hakuuliza kwa nini dada yake aliyajali mawe ya mtu mwingine kiasi kile, kwa sababu alijua hayakuwa ya mtu mwingine.

Siku ya pili waliamkia Shiriyazaki, penye mnara mweupe wa taa na farasi wanaoachwa huru kwenye majani ya pwani. Farasi wa huko wana miguu minene na manyoya mazito, na hawaogopi watu. Njia nzima Masae alikuwa amesikia mlio kwenye kiti cha nyuma, jiwe likigusa jiwe, tik, tik, kama mtu anayepanga kwa uangalifu, kisha vyote vikiporomoka, kisha tik tena. Alisimamisha gari mara mbili akatazama. Mabegi yao tu.

"Wewe tangu utoto mwoga wa magari," Ritsuko alimtania. "Kila kitu kwako kinagonga."

Farasi jike mmoja aliwakaribia. Ritsuko akanyoosha mkono amguse pua, lakini yule farasi alimpita. Alikwenda hadi ubavuni mwa Masae, akainamisha kichwa mpaka usawa wa kiuno, akanusa hewa tupu. Kisha akatoa ulimi, akaanza kulamba. Alilamba taratibu, toka chini kwenda juu, kama wanavyowalamba watoto wao wakiwa ndio kwanza wamezaliwa, na ulimi wake haukupita moja kwa moja. Ulikuwa ukipinda, kama unaofuata kichwa cha duara.

Masae hakuthubutu kusogea. Alimtazama dada yake. Ritsuko alikuwa mweupe kama karatasi.

"Twende," alisema Ritsuko kwa sauti ya chini. "Masae, twende garini."

Oma waliagiza wali wa jodari na hawakuumaliza. Saa tisa mchana walifika kwenye nyumba ya wageni waliyopanga, bondeni, kando ya mto. Mwenye nyumba, Mama Kudo, aliwatazama viatu vyao, kisha akatazama sakafu nyuma yao, kisha akawakaribisha chai.

Masae alikwenda kuoga peke yake. Bwawa la wanawake lilikuwa nje, limezungukwa na mawe, maji yake meupe mazito yenye joto, na jua bado lilikuwa likichungulia kati ya miti. Aliingia hadi shingoni, akafumba macho, akajiambia kwamba ni uchovu, kwamba ni msiba wa mama, kwamba mtu akifiwa husikia mambo. Na alipokuwa akijiambia hivyo ile harufu ya maziwa ikapanda kutoka kwenye maji yenyewe, ikamjaa puani na kooni, na chini ya ule weupe ambamo hakuweza kuuona hata mwili wake mwenyewe kitu kikagusa mkono wake wa kulia, kikaupapasa, kidogo, laini, kikatafuta mpaka kikapata kidole gumba, kikakishika, si kwa nguvu ya kuumiza bali kwa ile nguvu ya vichanga ambayo kila mama anaijua, vidole vitano visivyozidi ukubwa wa maharage, vya baridi ndani ya maji yale ya moto, na alipojaribu kuuvuta mkono wake juu akahisi uzito ukija pamoja nao.

Mama Kudo alimkuta ameketi kwenye mbao, amejifunga taulo, ameukumbatia mkono wake wa kulia.

"Mmetoka mlimani jana," alisema Mama Kudo. Hakuwa akiuliza.

"Ndiyo."

"Vaa nguo. Umwite na dada yako. Bibi Tane yuko nyumba ya nne kutoka hapa, nendeni kabla jua halijazama."

Bibi Tane alikuwa kipofu tangu utotoni, mmoja wa wale wanawake wa kaskazini wanaowasemea wafu. Alikuwa na miaka karibu tisini, mdogo wa mwili, na shanga ndefu nyeusi shingoni. Aliwaambia wakae. Hakuuliza majina yao.

"Marehemu ni nani?"

"Mama yetu," alisema Ritsuko haraka.

"Mama yenu hayumo humu. Nauliza aliyekuja nanyi."

Masae alihisi uso ukimwaka. Alikumbuka sufuria ya supu mezani, baba yao akiwa na gazeti, yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili, amekasirika kwa sababu dada yake amemnyima mwavuli mwekundu. Alikuwa amemsikia akitapika asubuhi tatu. Basi akasema mbele ya wote: dada ana mtoto tumboni. Alisema ili kumkomoa. Kabla wiki haijaisha Ritsuko alipelekwa kwa shangazi Hachinohe, akarudi baada ya miezi mitano amekonda, na majirani wakaambiwa alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Baadaye, kupitia ukuta, Masae alimsikia mama akimnong'oneza baba kwamba kichanga kilikuwa cha kiume, na kiliishi siku mbili. Hakikupewa jina. Miaka arobaini hakuna aliyekigusia, na Masae hakuwahi kuomba radhi, kwa sababu kuomba radhi kungekuwa kukigusia.

Bibi Tane alianza kusugua shanga zake. Alinung'unika kwa muda mrefu, sauti ikishuka na kupanda. Kisha akaacha. Alipozungumza tena sauti ilikuwa yake ileile ya kizee, ila imekauka, haina kupanda wala kushuka.

"Huyu ndiye aliyesema nipo," alisema, na mkono wake ukamwonyesha Masae pasipo kupapasa. "Ndiyo maana nashika mkono wake. Yule alisema sipo."

Ritsuko aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Masae alikuwa amelisahau hilo. Au alikuwa amelizika. Baba alimgeukia Ritsuko akamuuliza: ni kweli? Na Ritsuko akajibu: si kweli, huyu mwongo. Masae akapigwa kofi kwa kusema uongo, na akalia kwa sababu alikuwa amesema kweli.

"Niliogopa," Ritsuko alisema akiwa bado ameinama. Alizungumza na mkeka. "Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimkana kabla hajazaliwa, na alipozaliwa nilimkana tena. Mkunga aliniuliza kama nataka kumshika. Nikasema simjui."

"Dada, mimi ndiye niliye..."

"Nyamaza kidogo, Masae."

"Hapana, sinyamazi. Yale mawe jana. Haukuwa upepo. Ni mguu wangu. Nilitazama kama kuna mtu ameniona, nikaondoka." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Na siku ile mezani nilisema kwa ajili ya mwavuli. Mwavuli tu, dada."

Ritsuko aliinua kichwa. Alimtazama mdogo wake kama anayemtazama mtu aliyeshuka kwenye treni isiyo yake.

"Mwavuli," alisema. "Mimi miaka yote nilifikiri ulisema kwa kunionea huruma. Kwamba ulitaka nisaidiwe."

Kofi la baba halikuwahi kumuuma kama hilo.

Bibi Tane alikohoa. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Siwezi kumfukuza," alisema. "Anafukuzwaje ambaye hajakaribishwa? Mama yake amtaje mbele ya mtu asiyemjua, mchana, kwa sauti. Kisha amfikishe Hotokegaura, kwenye miamba. Kule kuna wa kumpokea. Msipofanya hivyo, atakaa na huyu mdogo wako, na anazidi kuwa mzito. Mdogo wako ameshaanza kuuhisi uzito huo."

Asubuhi walifika gati ya kijiji cha Sai mapema. Palikuwa na foleni ya watalii: wazee wenye kofia zinazofanana, mume na mke vijana, mwanamume mwenye kamera kubwa. Masae alisimama nyuma ya dada yake, mkono wa kulia ukiwa mzito kiasi kwamba bega lilikuwa limeshuka. Mwenye boti, mwanamume wa makamo mwenye kilemba cha taulo kichwani, alikuwa akiandika idadi kwenye ubao.

"Nyie wangapi, mama?"

Ritsuko alifungua mdomo, akaufunga. Watu walikuwa wakiwatazama. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutotazamwa.

"Watatu," alisema.

"Naona wawili."

"Watatu. Mimi, mdogo wangu huyu, na mwanangu." Kisha akarudia, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Nina mtoto. Wa kiume. Mimi ndiye mama yake."

Mume na mke wale vijana wakatazama pembeni. Mwenye boti alimtazama Ritsuko, kisha akatazama mkono wa Masae jinsi ulivyovutwa chini. Watu wa huko hawaulizi sana. Akaandika tatu, akainama kwenye sanduku la majaketi ya kujiokolea, akatoa mawili ya watu wazima na moja dogo kabisa, la rangi ya machungwa.

Walilikalisha kati yao kwenye benchi. Boti iliondoka. Katikati ya safari, wakati wengine wote wakiwa wamegeukia upande wa miamba, Masae alitazama chini. Vifungo vitatu vya jaketi lile vilikuwa vimefungwa, na halikuwa limelala. Lilikuwa limekaa wima, limejaa, likipanda na kushuka taratibu kama kifua kinachopumua. Mkono wa Ritsuko ulikuwa umelizunguka. Mkono wa Masae ulikuwa mwepesi.

Hotokegaura boti husubiri nusu saa. Miamba ile mirefu myeupe imesimama ufuoni kama umati wa watu waliofunika nyuso. Ritsuko alishuka na jaketi mikononi, amelipakata, akatembea peke yake hadi pale njia inapopotea kati ya miamba miwili. Masae hakumfuata. Hakuona kwamba ana haki hiyo. Aliona tu dada yake akiinama, akisema kitu kwa muda mrefu, na midomo yake ikirudia neno moja mara kadhaa. Lilikuwa jina. Masae hakulisikia, na hajaambiwa mpaka leo.

Ritsuko aliporudi, jaketi lilikuwa likining'inia mkononi mwake, limelegea.

Mwenye boti aliwahesabu abiria wake, akatazama ubao. "Hapa mlikuwa watatu."

"Mmoja ameshuka," alisema Ritsuko.

Mwenye boti akavua kilemba chake, akainamisha kichwa, kisha akawasha injini.

Bahari ilikuwa shwari. Masae alivuta pumzi, ikaingia mpaka chini, safi, kwa mara ya kwanza tangu walipotoka mlimani. Alihisi mwepesi kiasi kwamba karibu acheke. Ndipo akamtazama dada yake. Ritsuko alikuwa ameketi ukingoni kabisa mwa benchi, akiacha kati yao nafasi ya mtu mmoja mdogo, na alikuwa akiilinda nafasi ile kwa kiganja cha mkono ili begi la mtu lisije likawekwa hapo.

Masae aligeuza uso upande wa maji. Aliona haya kwa jinsi alivyokuwa akipumua vizuri.