Selina Aliyetaka Theluji Wiki ya Filimbi

Kuna mapenzi yanayoanza kwa maua. Haya yalianza kwa kugombea viatu vya mtumba.

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Novemba, katika soko la vifaa vya ski, zile mbao za kutelezea thelujini, lililojaza ukumbi wa shule moja ya Zurich. Usione ajabu: watu wa Zurich wenye pesa zao ndio wa kwanza kupanga foleni penye mtumba. Selina Kägi, mpima macho wa miaka thelathini na minane, koti lake la sufu rangi ya damu ya mzee, nywele kazifunga kama anayekwenda vitani, alikamata kiatu cha kushoto. Mwanamume mrefu, shingo ndefu kama ya korongo, akakamata cha kulia.

"Lete hicho, kaka."

"Lete chako kwanza, dada."

"Hivi namba thelathini na tisa, na wewe una miguu kama mitumbwi. Unamnunulia mkeo?"

"Dada yangu. Mke sina." Akacheka. "Umeanzia miguuni, umefika mpaka ndoa. Watu wa Zurich mna mbio!"

"Na wewe wa wapi, unaongea kama una kiazi moto mdomoni?"

"Basel."

"Pole."

"Pole mnastahili ninyi, mnaoamini Mungu anakaa Zurich."

Thierry Iselin, ndilo jina lake, aliviachia viatu kwa bei ya kikombe cha kahawa. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Kufika Krismasi kila jioni simu ilikuwa inawaka sikioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Nimebakiza kukukosa."

"Ukinikosa panda treni. Saa moja tu."

"Leo Alhamisi, laazizi. Alhamisi nina mazoezi ya filimbi na kikundi changu, Mbu wa Rhine."

"Hiyo filimbi itakuwa mke mwenzangu siku moja."

Selina alitania, wala hakuuliza zaidi. Hakuwa mtu wa kungoja mvua kwa kutazama juu. Aliona mwalimu wa hesabu anaweza kuhesabu mpaka wote wawili waote mvi, basi akaazimia: swali la ndoa nitamuuliza mimi. Na nitamuulizia mlimani, Engadin, katika hoteli ile ambayo wanaume hawaingii chakula cha jioni bila tai na supu huletwa imefunikwa kwa fedha.

Akatafuta likizo za shule za Basel. Wiki mbili. Akapiga simu hotelini.

"Wiki ya kwanza tumejaa, bibie," alisema msichana wa mapokezi. "Ya pili ninacho chumba kizuri sana, chenye roshani inayotazama bonde."

"Nakichukua!"

Wanawake wenzangu, chumba kizuri kikikosa mwenyewe, uliza kwa nini. Selina hakuuliza. Alinunua gauni la mahameli ya kijani kibichi, mgongo wazi mpaka panapoanza maswali. Alimnunulia Thierry tai ya hariri. Alipeleka ski zake zikanolewe kingo na kupakwa nta, akakata tiketi, viti vya dirishani. Yote kimya kimya, kama paka anayeiba maziwa.

Januari akamwalika. Jibini likayeyuka juu ya jiko dogo la mezani, wakalimwaga juu ya viazi, na Selina akatoa bahasha. Thierry akasoma. Uso wake ukawa kama unga.

"Kipenzi, hii ni wiki ya Fasnacht."

"Kanivali yenu ile? Si ipo kila mwaka?"

"Ndiyo. Na mimi nipo kila mwaka. Tangu nina miaka minane. Mwaka niliovunjika mguu nilisukumwa kwenye kiti huku napuliza."

"Filimbi moja ikikosekana, watu watakufa?"

"Tumefanya mazoezi tangu Agosti, Selina."

"Na mimi nimepanga tangu Krismasi!"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ingekuwa siri gani? Hoteli haina wiki nyingine." Midomo ikamtetemeka, na mtu mwenye kiburi midomo ikimtetemeka husema asilolitaka. "Basi chagua. Mimi au filimbi."

Thierry akaweka uma chini taratibu. "Anayenipenda haniulizi swali hilo," akasema. Akavaa koti, akaenda zake. Jibini likaganda sahanini.

Alipiga simu mara mbili, Selina hakupokea. Selina alipiga mara moja, ilikuwa Alhamisi. Baada ya hapo kila mmoja akakalia kiburi chake kama kuku juu ya mayai viza.

"Chumba nimelipia, theluji haina kosa," Selina akajiambia. Akaenda peke yake.

Jumatatu aliteremka milima tangu lifti ya mlimani ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa hasira, hata walimu wa ski wakampisha. Jioni akavaa mahameli yake akakaa meza ya watu wawili. Mhudumu, mzee mwenye mashavu mekundu, akaondoa sahani ya pili bila kuuliza. Adabu hiyo ilimuuma kuliko matusi.

"Watu wa Basel hawaji huku?" Selina akauliza, ili tu asilie.

Mzee akacheka. "Wiki hii? Bibie, wiki hii ukimwona mtu wa Basel mlimani, ujue kwao kafukuzwa. Mimi binti yangu nisingemwoza mtu wa namna hiyo."

Selina akasahau supu. Kumbe alimtaka mwanamume asimame mbele yake akiwa amekatwa mizizi, halafu ampose huyo! Alilala na neno hilo Jumatatu, akateleza nalo Jumanne. Jumatano alfajiri alikuwa kwenye treni na koti lake la ski.

Basel ilikuwa imepagawa, siku ya tatu na ya mwisho ya Fasnacht. Ngoma kila kona, filimbi kila uchochoro, vinyago vyenye pua kama mikungu ya ndizi. Mama mmoja alitaka kumuuzia beji ya sherehe. Selina, Mzurich halisi, akaona ghali, akapita bila kununua. Hakupiga hatua kumi: majitu yenye vinyago, yanayowinda wasio na beji, yalimkamata, yakammwagia gunia zima la vikaratasi vya rangi shingoni, mpaka ndani ya sidiria.

"Kikundi cha Mbu wa Rhine kiko wapi?" akauliza huku akitema karatasi.

"Wale kule, wamepumzika."

Walikuwa thelathini. Wote wapishi, wote kofia nyeupe, wote pua nyekundu zile zile. Selina akakazia macho, na macho ndiyo kazi yake. Yule mrefu, shingo ya korongo. Akamwendea, akamshika kiganja.

"Usiseme kitu, nisije nikaghairi. Nilikosea. Sikutaki bila filimbi yako. Nilikupangia mlima nikuulize jambo, nakuuliza hapa hapa: utakubali nikuoe?"

Kinyago kikanyanyuliwa taratibu. Chini yake palikuwa na mzee wa miaka sabini, masharubu yanachuruzika jasho.

"Mwanangu," akasema, "nina mke. Lakini nitamuuliza."

Wapishi wakaangua kicheko barabara nzima. Safu ya nyuma filimbi ikadondoka kwenye mawe, na pua moja nyekundu ikanyanyuka. Thierry, macho mekundu kwa siku mbili bila usingizi.

"Mpima macho gani wewe?" akasema.

"Nyamaza. Umesikia nilichosema?"

"Basel yote imesikia."

"Basi jibu."

Kiongozi akainua fimbo, ngoma zikaanza kunguruma. Thierry akashusha kinyago, kwa kuwa sheria ni sheria, kikundi kikitembea uso haufunuliwi, na jibu likatoka kama linatoka chunguni.

"Ndiyo!"

"Sijasikia!"

"NDIYO! Na usimshike tena mtu mwingine!"

Filimbi zikalia, kikundi kikaondoka. Selina akakifuata kwa nyuma, kama wanavyofanya wenyeji, vikaratasi vikimmwagika kila hatua, simu sikioni.

"Hoteli? Kägi hapa, chumba cha roshani. Kesho tunaingia wawili."

"Vizuri sana, bibie. Niwawekee mwalimu wa ski Ijumaa asubuhi?"

"Weka Jumamosi," Selina akasema. "Ijumaa tuna kazi chumbani."