Mtungi wa Mabinti

"Anashuka! Ngazi za nyuma!"

Sauti ya Fundi, mwenzake wa kazi, ilikwaruza kwenye kinasa sauti cha sikioni. Tandu aliongeza mbio. Pumzi zake alizihitaji kwa ajili ya miguu.

Mbele yake, mwanamume mwenye koti jeupe la maabara aliziruka ngazi mbilimbili, amekumbatia mtungi wa chuma kama mtu aliyeiba mtoto. Wauguzi walijibana ukutani. Toroli la shuka likapinduka. Tandu akaliruka, bastola yake ya Glock ikiwa bado kiunoni. Hospitalini hufyatui risasi ovyo.

"Geti la mizigo kuna Hiace nyeupe," Fundi akaongeza kutoka garini. "Injini inanguruma. Niizuie?"

"Bado. Namtaka Mpole."

Mpole alikuwa jasusi wa kukodiwa. Idara ya usalama, alikofanya kazi Tandu, ilimbandika jina hilo kwa sababu hakuwahi kupaza sauti, hata alipokuwa akiua.

Ndani ya mtungi ule mlikuwa na vipande vya uvimbe wa matiti, vyote vya wanawake vijana, vimegandishwa kwa nitrojeni. Daktari mkuu wa maabara alivikusanya kwa miaka. Kwenye seli zake aligundua alama, molekuli ndogo mno, zinazotabiri ni binti gani saratani itamrudia na ni yupi anaweza kuepushwa na dawa kali. Kampuni moja ya nje ilikuwa na kipimo chake, ambacho kwa wasichana hakikufua dafu. Ikamtuma Mpole aibe vipande vile na kuacha vya bandia mahali pake. Kipimo cha Daktari kingeanza kusema uongo. Wa kutibiwa wangeambiwa wako salama.

Hayo Mkuu wa idara alimweleza Tandu asubuhi ile. Tandu naye akamficha Mkuu jambo moja.

Kipande kimojawapo kilikuwa cha mdogo wake.

Chini ya ngazi, mlango wa chumba cha baridi alimoingia mwenye koti ulikuwa ukijifunga. Tandu akapenya.

Klik.

Kufuli la umeme likabana nyuma yake.

Ukungu mweupe ulitambaa sakafuni, ukimfika magotini. Yule mwenye koti jeupe, mhudumu wa majokofu aliyehongwa na Mpole, alikuwa mikono mitupu. Alikipiga ngumi kidirisha cha kupitishia mizigo.

"Amenifungia!" alilia. "Nimempa mtungi yule mwenye suti, akafunga! Kadi yangu haifanyi kazi!"

"Hii gesi inatoka wapi?"

"Aliniambia nifungue koki ya nitrojeni kidogo tu, king'ora kilie, watu wakimbie. Kumbe king'ora amekikata. Na koki imeganda, dada. Haizunguki!"

Tandu aliishika koki kwa mkono wa koti. Ilikuwa kama imechomelewa.

"Tuna muda gani?"

"Sijui. Haina harufu. Hukohoi, hubanwi. Unaanguka tu."

Jasho jembamba likamtoka Tandu katika baridi ile. Alishawahi kuelekezewa bunduki, akawahi kuning'inia kwenye ukingo wa ghorofa. Kote huko mwili ulimwambia afanye nini. Hapa mwili ulinyamaza. Alijisikia vizuri, na hilo ndilo lililomtisha.

Kisha kichwa kikawa chepesi. Mwanga wa taa ukajigawa.

"Hii gesi inawaka?" akauliza. Ulimi ulikuwa mzito.

Yule mhudumu alikuwa ameshapiga magoti.

"Nimekuuliza! Inawaka?"

"Haiwaki…"

Akachomoa Glock. Kidirisha kilikuwa cha bati jembamba. Alifyatua kwenye bawaba ya juu, kisha ya chini. Masikio yakaziba. Akakipiga teke kwa nguvu zake zote, kikang'oka.

Hewa!

Akamburuta yule bwana, akamning'iniza kidirishani, kichwa nje. Aliposikia anakohoa, akajipenyeza ubavuni pake, mabega yakichunika.

"Fundi! Kuna mtu chumba cha baridi. Leta watu. Halafu funga geti!"

"Sawa!"

Uwanja wa mizigo ulikuwa unawaka jua. Mpole alikuwa hatua chache kutoka kwenye Hiace, suti ya kijivu, glavu za sufi, mtungi kwapani. Land Cruiser ya Fundi ikaingia kwa kishindo, ikaziba njia. Dereva wa Hiace akatoka mguu niponye.

Mpole hakukimbia. Alifungua kifuniko.

"Hatua moja, bibie, nami namwaga," alisema taratibu. "Kwa lami hii, vitaiva."

Akauinamisha kidogo, kumwonyesha kwamba hatanii. Mvuke ukafuka. Kimiminika kikamwagikia glavu yake.

Mtutu wa Tandu ulikuwa unatetemeka. Mpole akauona.

"Ahaa. Kuna mtu wako humu."

"Nina shabaha," Fundi akanong'ona sikioni.

"Usipige. Utaangusha mtungi."

Akaiweka bastola chini. Aliinua mikono, macho yake kwenye ile glavu iliyolowa. Ilikuwa imebadilika rangi, nyeupe, ngumu kama gome. Nitrojeni ikishanywewa na kitambaa haikuachi.

"Nenda nao," alisema. "Ila usivimwage. Nakuomba."

Mpole akatabasamu.

Tabasamu likakatika. Alikitazama kiganja chake, akajaribu kuvikunja vidole, havikukunjika. Na kwa mara ya kwanza idara ikamsikia akipaza sauti: alipiga yowe.

Mtungi ukamponyoka.

Tandu alikuwa ameshajirusha. Aliudaka kifuani, mdomo juu. Tone la baridi likamlamba mkono, likachoma kama pasi. Hakuuachia. Fundi alipomlaza Mpole kifudifudi na kumtia pingu, Tandu bado alikuwa ameukumbatia, meno yakigongana.

Daktari alikuja mbio, miwani yake imekaa upande. Alichungulia, akashusha pumzi.

"Vyote vimeganda. Hujui umeokoa nini, mwanangu. Kuna binti nampa majibu mchana huu. Nilikuwa narudia kipimo chake mara ya mwisho."

"Binti gani?"

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Daktari akamtazama, akautazama mkono ulioungua.

"Ungependa kujua?"

Tandu aliurudisha mtungi mikononi mwake.

"Mwambie yeye kwanza."

Alimwacha muuguzi amfunge bendeji, akavaa miwani ya jua. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Dada?" Ilikuwa sauti ya mdogo wake, ndogo kama ya mtoto. "Wameniita nikachukue majibu. Niko mapokezi. Naogopa kuingia peke yangu. Uko mbali?"

"Niko karibu."

"Kazini watakuruhusu?"

"Nimeshamaliza ya leo. Usiingie, nisubiri."

Akakata. Akaishusha mikono ya koti ikaficha bendeji, akaupita umati uliokuwa ukimshangaa Mpole, na kuelekea mapokezi bila haraka, kama mtu aliyetoka kununua maji.