Kufuli la Simu ya Saleh

Haya yalimpata rafiki yangu Saleh, fundi cherehani wa hapa mjini Baraka, Kongo, na mpaka leo sijui niyaite nini.

Mke wake Latifa alipofariki, kwenye WhatsApp ya Saleh ulibaki ujumbe wake mmoja wa sauti, wa kumwita mumewe aje kula: "Baba Zaina, kuya, bugali inapoa." Nyuma ya sauti unasikia mwiko ukikwangua sufuria. Saleh aliusikiliza kutwa nzima, nguo za watu zimelala mezani. Mwishowe akaweka ile programu inayofunga WhatsApp saa za kazi, akanipa mimi nitie namba ya siri.

"Usinipatie, ata nikilia," aliniambia. "Batoto banapashwa kula."

Kesho yake akashona vizuri. Alasiri mvua ikashuka, bati likanguruma, duka likawa giza. Cherehani yake ina mkanda uliolegea, kila ikizunguka inagonga: ko. Chini ya mlio huo akasikia mtu anasema. Akasimamisha mguu unaoendesha cherehani ili asikilize.

Simu ilikuwa juu ya vitambaa, kioo cheusi.

"Baba Zaina," Latifa aliuliza polepole, "juu ya nini umenifungia?"

Saleh alinifuata nyumbani akiwa ameloa. Niliiangalia simu yake. Kufuli lilikuwa vilevile nilivyoliacha.

"Ni sauti yake kabisa," alisema, machozi yakimtoka. "Ila mwiko haikukuwa. Nyuma yake nilisikia cherehani yangu inagonga, ko, ko. Na mi muguu yangu ilikuwa imesimama."