Ukuta wa Kushika Vivuli

Rispa wa Kendu Bay ni rafiki yangu na si mtu wa uongo. Haya yalimpata mwaka wa sitini na sita, maonyesho ya sayansi yalipoletwa Homa Bay, kwenye ghala karibu na gati. Familia ziliruhusiwa kushika kila kitu. Watoto walipenda zaidi chumba cha giza, ambacho ukuta wake ulipakwa rangi ya kushika mwanga. Taa ikimulika na kuzimika, kivuli chako kinabaki pale ukutani, kimeganda.

Jioni wahudumu wakifunga, Rispa alirudi humo peke yake kuchukua kofia ya bintiye. Mlango ukajibamiza nyuma yake, ukakwama. Akainua mikono, akapapasa ukuta asione hata vidole vyake.

"Baba Akinyi! Nifungulie!"

"Kitasa kimekataa," mumewe akajibu kutoka nje. "Ngoja wakuwashie taa."

Taa ikamulika, ikazimika. Ukutani kikabaki kivuli cha Rispa, mikono juu. Kando yake kulikuwa na kingine, kirefu zaidi, mikono juu vilevile.

Rispa hakuthubutu kugeuka. Nje, mumewe alikuwa bado anasukuma mlango.

Kisha kile kirefu kikashusha mikono.